Korosho Nne Mezani kwa Modesta

Nimefanya kazi na watu wapole wengi, na wengi wao walinichosha. Mpole akiulizwa jambo zito hutazama sakafu, na mgonjwa anaondoka vilevile alivyokuja. Modesta alikuwa mpole wa namna nyingine. Sauti ndogo, mwili mdogo, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Lakini ukimuuliza swali alikujibu hilohilo ulilouliza, hata kama moyoni ulikuwa unamwomba Mungu akudanganye. Ndiyo maana naandika habari zake. Wakubwa wana waandishi wao. Yeye ana mimi, Hadija, Mama Shabani kwa majirani, muuguzi mstaafu, mtu mwenye mdomo.

Alikuja Mtwara mwaka 1971 akimfuata mumewe Danieli, karani wa bandarini. Kwao ni Mbinga, huko milimani kwenye baridi, na mwaka wa kwanza alililalamikia joto letu mpaka nikamwambia apande gari arudi kwenye viazi vyao. Alicheka, hakurudi. Tukawa majirani mtaa wa Chuno, ukuta kwa ukuta, tukapanga foleni moja ya sabuni, na kila asubuhi tulikwenda hospitalini pamoja, mimi wodini, yeye maabara.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ya saruji na darubini moja ambayo hata daktari hakuruhusiwa kuigusa kabla hajanawa. Watu walimwogopa Modesta. Miaka ile habari za mumiani zilikuwa haziishi huku kwetu, na anayekutoboa kidole akafungia damu yako kwenye kichupa alitakiwa ajieleze. Naye alijieleza. Kila mgonjwa alionyeshwa kichupa chake, akaambiwa damu inakwenda wapi, inatazamwa nini, na ikishatazamwa inamwagwa wapi. Nilimwambia anapoteza muda na foleni imefika mlangoni.

"Ni damu yao, Mama Shabani," akasema. "Mimi nimeazima tu."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutafuta selimundu. Mtoto anavimba vidole, analia viungo, anapungukiwa damu, na nyumbani tayari wameshamtaja shangazi mchawi. Modesta alitazama damu ya mtoto, kisha akawaita baba na mama. Aliwaeleza kwamba mtoto amepokea nusu ya ugonjwa kwa huyu na nusu kwa huyu, na wao wenyewe hawaumwi kwa kuwa kila mmoja ana nusu tu. Najua nyumba kadhaa za Chuno ambazo shangazi alirudishiwa salamu zake kwa sababu ya maneno hayo.

Akbar na mkewe Bilkis walimleta mtoto wao Abbas mwaka 1977. Walikuwa Wahindi wenye duka la nafaka na vitambaa Mikindani, wakiishi juu ya duka na mama yake Akbar, Rukiyabai, mwanamke wa kauli moja. Abbas alikuwa na mwaka mmoja na nusu, midomo myeupe, tumbo limejaa bandama. Tulimwongezea damu akachangamka, akanivuta kofia, na baada ya wiki chache akarudi amepauka upya. Modesta aliitazama damu yake asubuhi nzima. Si selimundu, akasema, ila ni ndugu yake. Daktari akapeleka sampuli za wote watatu Dar es Salaam, na jibu likaja kwamba ni talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Baba na mama walikuwa watoto wa ndugu wawili, kama ilivyo kawaida katika jamii yao, na kila mmoja alikuwa na nusu yake bila kujua.

Abbas alifariki Machi 1978. Nilikuwa nimemshika mimi. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Arobaini ilipopita, Akbar na Bilkis walirudi maabara. Bilkis alikuwa na miaka ishirini na mbili, na tangu mazishi alikuwa anasema kwa kunong'ona. Aliuliza jambo moja: wakizaa tena, itakuwaje?

Modesta alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa korosho. Mtwara hakuna mfuko usio na korosho. Akapanga nne juu ya meza.

"Hii imesalimika kabisa," akasema. "Hizi mbili zina nusu, kama nyinyi, zitakua, zitazaa, hazitaumwa. Hii ya nne ndiyo yenye ugonjwa."

Ile ya nne ilikuwa na ukungu kweli, aliichagua makusudi. Na kwa kuwa Modesta hakuweza kuvumilia kitu kibovu kukaa juu ya meza yake, alipomaliza kusema aliichukua akaitupa kwenye ndoo ya taka. Zikabaki tatu. Akbar akazitazama zile tatu, uso ukamlegea, akashukuru sana. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, nikaona ameeleza vizuri.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Akbar aliingia maabara na pakiti ya tende, anacheka peke yake.

"Dada Modesta, sisi hatusemi mpaka mimba ifike miezi saba, ndiyo desturi yetu. Mama akijua nimesema atanikata ulimi. Lakini wewe si mtu wa kufichwa. Bilkis ana mimba, miezi minne sasa."

Modesta akampa hongera, akamuuliza wamejiandaaje.

"Tujiandae na nini tena? Yule mgonjwa alishapita. Wamebaki watatu, na wote wazima. Si ulitupangia mwenyewe hapa mezani?"

Nilimwona Modesta akishika ukingo wa meza. Akbar alikuwa mtoto wa duka, tangu utotoni akichambua mbaazi na maharage: ukishalitoa bovu, gunia ni safi, unauza bila wasiwasi. Alikuwa ameitazama korosho ikienda kwenye ndoo, akaelewa kama mtu wa nafaka anavyoelewa. Modesta alimwambia kwa utulivu kwamba kesho atakwenda kwao kuzungumza na wote. Akbar alipotoka, aliketi.

"Mama Shabani, nimewadanganya."

"Umendanganya nani? Ntu mwenyewe hakusikiliza!" Nikikasirika, Kimakonde changu hupanda juu.

"Alisikiliza, na akatazama. Mimi ndiye niliyeitupa."

Nilibishana naye. Nilimwambia mimba imeshaingia, kati ya nne tatu ni salama, kwa nini umtie hofu mwanamke aliyeanza kula vizuri juzi tu? Akanionyesha jarida la daktari, lililotufikia limechelewa kama kila kitu kilivyochelewa mwaka ule wa baada ya vita. London kulikuwa na madaktari waliokuwa wanapitisha sindano tumboni mwa mama, wakachukua damu kidogo ya mtoto ambaye hajazaliwa, na kuona kama ana talasemia. Ilitakiwa ifanyike kabla mwezi wa tano wa mimba haujaisha. Na Bilkis alikuwa na mjomba huko London, Mohamedhussein, aliyehama baada ya majumba kutaifishwa.

"Bilkis amebakiwa na wiki nne," Modesta akasema. "Wakikaa kimya mpaka mimba ifike miezi saba, hatakuwa na la kuamua."

"Na wewe Mkatoliki wa misa kila Jumapili, unawapeleka kwenye kitu kama hicho? Wakiambiwa mtoto anaumwa, unadhani watafanya nini?"

"Siwapeleki. Nawaambia. Watakalofanya ni lao na Mungu wao."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Nisingefanya. Lakini si mimba yangu, Mama Shabani."

Nilikuwa nimeishi naye miaka minane nikidhani upole wake ni woga uliofundishwa adabu.

Kesho yake, Jumamosi mchana, alinibeba kwenye keria ya baiskeli ya Danieli mpaka Mikindani. Mtu wa kilo hamsini amebeba mtu wa kilo themanini. Tulipita mashamba ya chumvi jua likichoma, nikamwambia angengoja gari la hospitali Jumatatu. Akasema Jumatatu zitakuwa zimepungua siku mbili.

Rukiyabai alitupokea vizuri, chai ya maziwa na chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, kwenye sahani. Akbar alikuwa amejikunja kitini kwa kuogopa siri yake. Modesta hakugusa chai. Alisimama, na huyo ndiye Modesta ninayemkumbuka hasa, amesimama kwenye zulia la watu na viatu mkononi.

"Mwaka jana niliwaeleza vibaya," akasema. "Kosa ni langu, si la Akbar. Niliitupa korosho moja mkadhani imekwisha. Haikwisha. Mimba hii ina nne zake upya, na zote zimo. Ile inayofuata itakuwa na nne zake. Mnaweza kupata wazima watano mfululizo, mnaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo. Abbas hakumkinga mdogo wake."

Bilkis aliweka mkono tumboni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote mle ndani kukiri kwamba tumbo lipo.

Kisha Modesta akawaeleza habari za sindano. Alianza na faida: watajua. Wakiambiwa ni mzima, Bilkis atalala usingizi miezi iliyobaki. Wakiambiwa ni mgonjwa, watakuwa na nafasi ya kuamua, au ya kujiandaa kumhamishia mtoto mahali penye damu ya kutosha, maana sisi hatukuwa nayo. Nikadhani atamalizia hapo, mimi ningemalizia hapo. Akaendelea. Sindano inaweza kupasua chupa ya uzazi. Jarida lilisema kina mama ishirini wakichomwa, mmoja au zaidi hupoteza mimba, na sindano haijui mtoto mzima na mgonjwa. Inaweza kumwangusha mzima. Mara chache hata jibu lenyewe hukosea. Alisema hayo polepole, halafu akayarudia yote kuanzia mwanzo, faida na hatari, kwa maneno yaleyale, akimtazama Bilkis.

"Wewe Mkristo nakuja ndani ya nyumba yangu," Rukiyabai akasema, "naambia sisi tuue mtoto?"

"Hapana, mama. Sijasema muende, sijasema msiende. Nimesema yote ninayoyajua, ili mkiamua msiamue kwa korosho yangu."

"Mimi nasema haendi. Imekwisha."

Hapo Bilkis akazungumza, na hakunong'ona. "Mama, nisamehe. Abbas alikufa wewe uko jikoni unampikia uji. Mimi nilikuwa naye usiku wote arobaini na tatu wa hospitali. Hili nitalisema mimi." Akamgeukia Modesta. "Ungekuwa wewe, dada, ungefanya nini?"

Niliomba Modesta aseme uongo mdogo tu.

"Sijazika mtoto, Bilkis. Jibu langu halitakufaa."

Bilkis alichagua kwenda. Akbar alimwunga mkono, Rukiyabai akafunga mlango wa chumba chake asitoke siku tatu. Zikafuata pasi, vibali vya benki, barua ya daktari, barua ya pili kwa sababu ya kwanza ilikosa mhuri, na Modesta akawa anatoka kazini kwenda kuwasimamia makarani mmoja mmoja kwa kile kisauti chake. Hakugomba na mtu. Alikaa tu mbele ya meza mpaka karani akaona aibu. Bilkis alipanda ndege zikiwa zimebaki siku tisa.

Jibu lilikuja kwa simu ya posta katikati ya mwezi wa saba. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa na nusu, kama wazazi wake. Rukiyabai mwenyewe alituma maabara sinia la ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, tukala mpaka vidole vikanata, na Modesta akaniambia kwamba usiku ule amelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu tende za Akbar. Nilicheka nikamwambia sasa ajitangaze nabii.

Siku kumi na mbili baadaye ikaja simu ya pili. Chupa ilipasuka. Alikuwa mtoto wa kike.

Rukiyabai alikuja maabara Jumatatu asubuhi, benchi limejaa wagonjwa. Alimwita Modesta mumiani kwa sauti ambayo ilisikika mpaka wodini kwangu. "Mjukuu yangu alikuwa mzima! Mzima! Wewe naua yeye na mdomo yako!" Nilikimbia kule nikiwa na nia ya kumtoa nje kwa mabega. Modesta aliniwekea mkono kifuani. Alikuwa amesimama mbele ya yule mama, mikono chini, hajitetei, wala hasemi kwamba aliwaonya. Angeweza kusema, na lingekuwa kweli, na mimi nililisema kwa niaba yake kwa ukali.

"Mwache, Mama Shabani," akasema. "Ana haki." Kisha akamwambia Rukiyabai, "Pole, mama. Pole sana." Rukiyabai akaanguka kwenye benchi akalia, na wale wagonjwa waliokuja na hofu zao wakasogea wakamwachia nafasi.

Wiki zile Modesta alikonda. Alifanya kazi, kila kichupa akakieleza kama kawaida, lakini nyumbani alikuwa anakaa uani na bakuli la kisamvu mbele yake bila kuligusa. Siku moja akaniambia, "Ningenyamaza, mtoto yule angekuwa anapiga mateke sasa." Lilikuwa kweli tupu. Nilichukua bakuli nikamlisha kama mtoto, na akakubali kulishwa, kwa hasira kidogo.

Bilkis alirudi mwezi wa tisa. Hakuja na mtu. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akanyoosha mkono apimwe wingi wa damu, na Modesta akamtoboa kidole.

"Kule walinipa karatasi nitie saini," Bilkis akasema. "Mwanamke wa kitanda cha jirani aliisoma akaanza kulia, hakuna mtu aliyemwambia kwamba mtoto anaweza kutoka. Mimi sikukuta neno jipya. Yote nilishayasikia kwa Kiswahili, sebuleni kwetu." Akabonyeza pamba kidoleni. "Nimempoteza, dada, lakini sikuingizwa kwenye kitu gizani. Nilichagua mwenyewe. Usininyang'anye hilo kwa kulibeba wewe."

Modesta alivua miwani, akalia. Mimi pia. Damu ikakauka kwenye kioo, ikabidi Bilkis atobolewe tena.

Watu huniuliza mwisho wake Bilkis. Alizaa miaka mitatu baadaye, na safari ile alikataa kwenda kupimwa popote. Alikuja kumwambia Modesta kabla tumbo halijaonekana, na Modesta akasema sawa, basi tutangoja pamoja, wakangoja. Mvulana yule ni mzima. Nilitaka kusema Modesta alifurahi kama aliyeshinda, lakini aliniambia ni bahati tu, na tusimwambie mtu yeyote kwamba ni kitu kingine.

Ninalotaka kumalizia ni la Rukiyabai, maana ndilo lililonifanya nimheshimu na yeye, na mimi siheshimu watu ovyo.

Ilikuwa mwaka 1980, baada ya Ramadhani. Akbar alikuwa na mdogo wake, Salimu, na alikuwa ameshaposewa binti wa ndugu zao wa Lindi. Kadi za harusi zilikuwa zimeshachapishwa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimepata yangu. Asubuhi moja benchi la maabara lilikuwa limejaa, na Rukiyabai akaingia mbele, nyuma yake kijana na yule binti, wote wawili wameinamisha macho kwa aibu ya kukaa pamoja kabla ya siku yao. Tangu zile kelele hakuwa amekanyaga hapo. Sikujua kama nimkaribishe au nichukue ufagio.

Hakutusalimu. Hakuomba msamaha, na sidhani alijua namna. Alivuta kiti, akamkalisha binti, akamkunjia mkono wa gauni yeye mwenyewe mpaka juu ya kiwiko, mkunjo kwa mkunjo. Kisha akamtazama Modesta usoni.

"Hawa bado hawajaoana," akasema. "Tazama damu yao. Halafu ambia wao yote, kama uliambia Bilkis. Nzuri na mbaya." Akakaza shungi lake. "Usipunguze hata moja."